Raba Mbili

Sista Millicent Akoth aliondoka Muhuru Bay Jumatatu mchana akiwa amehesabu chupa za dripu mara mbili. Zilikuwa sitini na moja. Wagonjwa wa kipindupindu waliolazwa katika kliniki ya misheni, wengine juu ya mikeka barazani, walikuwa ishirini na wanane, na mgonjwa aliyezidiwa aliweza kumaliza chupa nane kwa siku. Daktari Cliff, aliyebaki nao, alimsindikiza hadi kwenye pikapu akamwambia kwa sauti ya chini, wagonjwa wasisikie:

"Nikibana sana zitanifikisha kesho saa nane mchana. Baada ya hapo nina maji ya chumvi na sukari tu, na kuna ambao hawawezi hata kumeza."

Ilikuwa Januari 1998. Mvua iliyoanza Oktoba ilikuwa haijakoma. Vyoo vya ufuoni vilikuwa vimefurika, na watu walikuwa bado wanachota maji ya kunywa ziwani kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuchota. Dripu zilikuwa Homa Bay, katika stoo ya dawa, na hakukuwa na gari lingine la kuzileta isipokuwa pikapu ya kliniki.

Dereva wake alikuwa Zadock Ouko, mtu wa miaka hamsini na minne, mrefu, asiye na maneno mengi. Alikuwa ameendesha magari ya misheni kwa miaka ishirini na saba bila kuangusha hata moja. Oili alibadilisha mwenyewe, breki alirekebisha mwenyewe, na mtu akifungua boneti bila kumuuliza alikasirika kama ameguswa mfukoni. Lakini mwaka ule misheni ilikuwa imeanza kupunguza wafanyakazi, na kila aliyepita hamsini alijua jina lake limeshatazamwa.

Walifika Homa Bay jioni, stoo imeshafungwa, wakalala huko. Jumanne saa tatu asubuhi walikuwa mlangoni mwa stoo. Karani alisema sahihi ya mkubwa wake bado haijapatikana. Sista akakaa kwenye benchi akamkodolea macho. Zadock, aliyechoka kukaa bure, alikumbuka kwamba gari lilikuwa limepita kilomita zake za kubadilisha oili kwa zaidi ya elfu mbili. Oili mpya na filta mpya vilikuwa nyuma ya kiti. Akafunga turubai kutoka kwenye gari hadi kwenye ua ili kujikinga na manyunyu, akatandika gunia, akaingia chini.

Alikuwa ameshamwaga oili chafu na kutoa filta ya zamani, ile mpya iko mkononi, Sista alipotoka mbio.

"Wamekubali, Mzee! Katoni thelathini na sita! Umefika wapi?"

"Bado kidogo."

"Funga twende. Tafadhali funga twende."

Akaifunga. Akaikaza kwa nguvu zake zote, akamimina oili, akapiga injini, taa ya dashibodi ikazimika kama kawaida. Saa nne na nusu walikuwa barabarani, katoni zimefunikwa turubai lile lile. Wakapita Rodi Kopany bila kusimama, Rongo wakanunua ndizi kupitia dirishani, na saa saba kasorobo walikuwa wameuacha mji wa Migori nyuma yao na kuingia kwenye barabara ya udongo.

Taa nyekundu iliwaka walipopita Masara.

Haikupepesa. Iliwaka tu, umbo la kibirika kidogo cha oili, na kabla Sista hajaelewa ni nini, Zadock alikuwa ameshazima injini na kuliacha gari lijisukume lenyewe hadi likasimama katikati ya tope.

"Mbona umezima?"

"Oili."

"Si tuende tu polepole? Tumeshapita nusu ya njia."

"Sista, dakika mbili tu kwa taa hiyo, injini inashika. Ikishika, hatuendi polepole wala haraka."

Walishuka. Nyuma ya gari, kadiri macho yalivyoweza kuona, kulikuwa na mstari mweusi juu ya udongo mwekundu, na juu ya madimbwi oili ilikuwa imetanda rangi rangi. Chini ya injini ilikuwa bado inadondoka, tone juu ya tone. Zadock alivuta kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Kilitoka kikavu.

"Inatokea wapi?" Sista aliuliza.

Zadock aliinama akachungulia.

"Kwenye filta. Iko chini pale, ubavuni mwa injini, kama kopo la maziwa. Unaona kunavyong'aa?"

Sista aliona kopo jipya la rangi ya machungwa, limelowa oili toka juu hadi chini. Alitazama saa. Saa saba na nusu.

Zadock alikwenda kuchukua jeki. Alikuwa anatembea haraka kuliko kawaida yake. Aliweka ubao chini ya jeki, akaanza kupampu. Gari likainuka upande mmoja. Hakutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Alipoona nafasi inamtosha, alitandika gunia kwenye tope, akapiga magoti, akaingiza kichwa na bega moja chini ya gari.

Sista alikuwa amesimama upande wa jeki. Aliuona ubao ukizama, si kwa ghafla, bali taratibu, kama kijiko kwenye uji, na jeki ikianza kulala.

"Toka!" Alimshika mguu kwa mikono miwili, akavuta. "Zadock! Toka!"

Mzee alijirusha nyuma, akaanguka chali kwenye maji. Jeki iliruka. Gari liliporomoka kwa kishindo, likatikisika, likatulia na tumbo lake likiwa kiganja kimoja tu juu ya tope. Gunia lilikuwa chini yake.

Sista aligundua kwamba bado ameushika mguu wa suruali ya mzee. Aliuachia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu.

"Nilikuwa naharakisha," Zadock alisema.

"Ningepeleka nini Muhuru? Katoni na maiti?"

Zadock alijinyanyua kutoka kwenye maji.

Waliyemwona baadaye alikuwa mtu wa kwanza kupita njia ile tangu wasimame. Alikuwa Maroa, Mkuria aliyekodi shamba upande huo, anarudi kutoka kulima na maksai wanne na jembe lake la kukokota. Alisimama akalitazama gari, akaitazama jeki iliyolala, akatikisa kichwa.

"Hapa huwezi kuinua gari," alisema. "Hapa hata ng'ombe anazama. Kule mbele, pale kwenye mabati, kuna kinu cha posho. Ua wake ni mawe matupu. Na mama wa pale anajua injini."

"Mbali?" Sista aliuliza.

"Kama mita mia nne."

"Unaweza kutuvuta?"

Maroa alitazama katoni chini ya turubai. "Ni za nini?"

"Dripu. Za kipindupindu. Muhuru."

Alianza kufungua jembe bila kuuliza lingine. Mnyororo aliufunga kwenye ndoano ya mbele ya pikapu, akawapanga maksai wawili wawili, akapaza sauti kwa Kikuria. Wanyama waliinamisha vichwa. Mnyororo ulinyooka, ukalia, gari halikwenda. Akapaza sauti tena, Sista na Zadock wakisukuma kwa mabega, tope linawarukia hadi usoni, na magurudumu yakang'oka kwa sauti ya kunyonya. Zadock aliruka ndani kushika usukani. Mita mia nne zile ziliwachukua dakika arobaini.

Mwenye kinu alikuwa Nyasuguta, mama wa Kikisii wa miaka arobaini hivi, kanga kiunoni na unga wa mahindi hadi kwenye nyusi. Injini ya kinu chake ilikuwa inanguruma alipotokea mlangoni. Aliwasikiliza, akarudi ndani, na mngurumo ukakatika. Wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni na magunia yao walianza kulalamika. Nyasuguta aliwaambia maneno mawili tu, "Kuna wagonjwa," wakanyamaza.

"Leteni zile mbao," alisema.

Zilikuwa mbao nene za mninga, zilizopigiliwa mbili mbili, ambazo hutumika kushushia mashine kwenye lori. Wakazipanga mbele ya magurudumu ya mbele, maksai wakalivuta gari mpaka likapanda juu yake. Nyasuguta mwenyewe aliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu yote manne. Zadock akavuta breki ya mkono na kutia gia. Kisha mama akaweka mikono kwenye boneti, akaegemea kwa uzito wake wote, akalisukuma gari huku na huku. Halikutikisika.

"Sasa mtu anaweza kuingia," alisema. Na Zadock alipopiga magoti, akamzuia. "Ngoja ipoe. Oili moto inachoma kama uji."

"Imeshakaa saa nzima, mama."

"Gusa basi."

Zadock aligusa ubavu wa injini kwa ncha ya kidole, akakiondoa mara moja. Wakangoja. Sista alizunguka gari. Saa nane na dakika ishirini na tano. Chupa ya mwisho, kama Cliff alibana kama alivyosema, ilikuwa imeshatundikwa. Alimfikiria Liz, mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi saba, ambaye Jumatatu macho yake yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Yeye ndiye angepewa chupa hiyo. Nani angekosa?

Nyasuguta alilala kwenye gunia, akaingia chini kwa mgongo kama mtu anayeingia kitandani kwake. Sauti yake ikatoka chini ya gari.

"Filta ni mpya."

"Ndiyo," Zadock alisema.

"Nani aliifunga?"

Sista alikuwa amesimama mkono wa kushoto wa Zadock.

"Fundi mmoja," Zadock alisema. "Wa Homa Bay."

Sista alimgeukia. Zadock alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa tope. Mikono ya shati lake ilikuwa bado na madoa ya oili ya asubuhi. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka sita. Hakuwahi kumsikia akisema uongo, na sasa aliposikia, aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeusema.

Nyasuguta alitoka chini, akakaa, akajipangusa viganja kwenye kanga.

"Fundi huyo ni mtu unayemjua?"

"Hapana. Wa pale tu stendi."

"Na oili aliweka yeye?"

"Yeye."

"Basi ni lazima tuimwage yote."

"Kwa nini?" Sista alidakia.

"Sista, mwaka juzi fundi wa barabarani aliniwekea oili kwenye kinu. Nikadhani ni mpya. Kumbe ni oili chafu wamechuja na kitambaa, wakarudisha kwenye kopo. Injini ilikufa kwa wiki mbili, watoto wangu wanakula kwa watu. Mimi nina galani moja tu humu ndani, oili safi. Siwezi kuimimina juu ya kitu ambacho sikijui, halafu injini yenu ife huko Macalder mseme ni Nyasuguta."

"Galani moja itatosha tukimwaga yote?"

"Haitatosha. Injini hii inataka lita sita. Itabidi mtu arudi Migori akanunue nyingine."

"Migori!" Sista alisema. "Kwa miguu?"

"Kwa chochote atakachopata."

Maroa, aliyekuwa anawapapasa maksai wake shingoni, alisema gari la mwisho lililopita kwenda Migori alilisikia saa tano. Mvua ilianza tena kugonga mabati ya kinu, kwanza tone moja moja.

Zadock aliondoka akaenda hadi kwenye mlango wa gari. Aliushika, akasimama hapo mgongo ukiwa kwao. Sista alimngoja. Alijua akisema yeye, mzee hatamsamehe kamwe. Na asiposema mtu yeyote, kuna watu watakufa. Alijiambia: nahesabu hadi ishirini. Alifika kumi na nne.

"Hakuna fundi," Zadock alisema bila kugeuka.

"Unasemaje?" Nyasuguta aliuliza.

Aligeuka. "Hakuna fundi wa Homa Bay. Nilifunga mwenyewe. Oili niliimimina mwenyewe, kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, mihuri niliikata kwa meno yangu. Boliti ya chini niliikaza kwa spana, raba yake nzima. Hiyo oili iliyobaki ndani ni safi, mama. Ongeza juu yake. Mimi ndiye niliyekosea, na sijui nilikosea wapi."

Maneno ya mwisho yalimtoka kwa shida zaidi kuliko yale ya kwanza. Sista alitegemea atamfokea.

"Sawa," mama alisema. "Njoo basi tuone ulikosea wapi. Shusha mikono ya shati, na uso uuweke kando."

Waliingia wote wawili, kila mmoja upande wake, na Sista akasukuma karai chini ya filta. Zadock aliikamata kwa kipande cha gunia. Ilikuwa imekazwa sana. Mishipa ya mkono ilimsimama. Akazungusha, ikagoma, akabadilisha mshiko, ikakubali. Oili ilimwagika kwenye karai, bado vuguvugu. Akaishusha filta akiwa ameielekeza mdomo juu ili isimwagike usoni kwake, akampa Sista.

Kwenye mdomo wa filta palikuwa na raba nyeusi ya mviringo. Upande mmoja ilikuwa imechanika na kutoka nje, imening'inia kama ulimi.

"Imekatika," Sista alisema. "Ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa mpya," Zadock alisema kutoka chini.

Nyasuguta alikuwa anapitisha kidole kwenye injini, pale filta ilipokuwa imekaa. Kidole kilizunguka mara moja, kikazunguka tena. Kisha akatumia ukucha, polepole sana. Kitu kikabanduka. Akakitoa nje kwenye mwanga, kati ya kidole gumba na cha shahada: raba nyingine, nzima, bapa, imekauka kwa joto.

"Mbili," alisema. "Hii ni ya filta ya zamani. Filta ilitoka, raba yake ikabaki imeng'ang'ania kwenye injini. Wewe ukaja na nyingine juu yake. Raba juu ya raba haishiki. Inavumilia, inavumilia, halafu msukumo wa oili unaitoa nje."

Zadock alitoka chini ya gari, akakaa kwenye mawe. Alichukua raba ile akaizungusha mkononi.

"Miaka ishirini na saba napitisha kidole," alisema. "Kila gari. Hata usiku, hata nikiwa na homa. Leo tu sikupitisha."

"Mimi ndiye niliyekuharakisha," Sista alisema.

"Wewe hukushika filta."

"Nilikwambia funga twende. Mara mbili."

"Mtasameheana Muhuru," Nyasuguta alisema. "Sasa raba ya kufungia iko wapi? Hii mpya imechanika. Filta yangu ya kinu ni ya aina nyingine kabisa."

Waliitazama ile ya zamani. Ilikuwa bapa na ngumu, lakini haikuwa na ufa hata mmoja. Zadock aliikunja taratibu akaichunguza mzunguko wote, akiisogeza karibu na jicho. Wakaiosha kwa dizeli, wakaikausha kwa kitambaa safi ambacho Sista alikitoa kwenye mkoba wake, wakaibonyeza kwenye mfereji wa filta mpya. Ilikaa. Haikuwa imekaa vizuri sana, ila ilikaa.

"Itafika?" Sista aliuliza.

"Sijui," Zadock alisema. Nyasuguta naye alisema hajui.

Safari hii Zadock hakuharakishwa na mtu, wala yeye hakumruhusu mtu kumharakisha. Alipangusa mdomo wa injini hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akapitisha kidole. Akamwambia Sista naye aingie apitishe kidole, na Sista, kwa gauni lake jeupe ambalo halikuwa jeupe tena, alilala kwenye gunia akapapasa chuma mviringo mzima na kusema ni laini. Zadock alipaka raba oili safi kwa ncha ya kidole. Akazungusha filta kwa mkono, bila nguvu, mpaka ilipogusa, akasimama, kisha akaongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu. Spana hakuigusa. Nyasuguta alileta galani yake na faneli iliyotengenezwa kwa chupa ya plastiki, wakamimina kidogo kidogo, wakangoja ishuke, wakapima kwa kijiti. Oili ilifika juu ya alama ya chini.

"Washa," mama alisema. "Usikanyage mafuta. Iache yenyewe."

Injini iliwaka. Taa nyekundu iliwaka pia. Zadock alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Sista alikuwa amejishika kifua. Nne. Tano. Taa ikazimika.

Nyasuguta alikuwa amepiga magoti mbele, shavu lake karibu liguse mawe, anatazama filta. Dakika moja. Dakika mbili. Akainua kidole gumba.

Wakazima, wakangoja, wakapima tena, wakaongeza kilichobaki. Oili ya kwenye karai mama alisema waiache; angeipaka kwenye nguzo za ua, mchwa walikuwa wanazimaliza. Sista alitaka kumwandikia barua ya kwamba misheni itamrudishia galani yake. Nyasuguta alimsukuma mgongoni kuelekea mlango wa gari. "Nenda, nenda. Utaandika siku nyingine." Maroa aliwavuta tena na maksai wake hadi pale tope lilipokuwa jepesi. Ilikuwa saa tisa na robo.

Zadock aliendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai kichwani. Kila baada ya kilomita tano alisimama, akashuka, akainama, akapitisha kiganja chini ya filta, akakitazama. Mara ya kwanza kilikuwa kikavu. Mara ya pili kikavu. Mara ya tatu, karibu na Macalder, kilitoka na unyevu mweusi.

"Inavuja?"

"Inatoka jasho." Alisimama akiwa anakisugua kiganja. "Nikiikaza zaidi, raba hii ya zamani inaweza kupasuka. Nikiiacha, inaweza kuongezeka."

"Unataka kufanya nini?"

Alifikiri. "Kuiacha. Na kusimama kila kilomita mbili."

Wakafanya hivyo. Sista hakusema tena neno la haraka. Alikuwa ameufumba mkono mmoja ndani ya mwingine, na kila waliposimama alishuka naye, wakainama pamoja. Jasho lilibaki jasho. Saa kumi na moja na nusu waliliona ziwa, rangi ya kijivu, na paa la kliniki.

Cliff hakuwasalimia. Alikuwa anakimbia na katoni kabla gari halijasimama sawasawa. Kwa dakika ishirini hakukuwa na mazungumzo, ila majina ya wagonjwa na sauti ya mikasi ikikata plastiki. Liz alikuwa hai. Chupa ya mwisho ilikuwa imemwishia saa nane na nusu, na mapigo yake yalikuwa mepesi mno, lakini Sista aliupata mshipa kwa sindano ya kwanza. Saa moja baadaye aliomba maji. Mtoto tumboni alikuwa anacheza.

Ni baada ya hapo Zadock alipoona mkeka uliofunikwa mwishoni mwa baraza.

"Ni nani?" alimuuliza Cliff.

"Joash. Mvuvi. Yule wa boti ya kijani."

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Zadock aliitikia kwa kichwa. Sista alimwona akipiga hesabu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaipiga: bila taa nyekundu, wangefika saa tisa.

"Alikuwa mbaya sana," Cliff alisema, kwa sababu aliuona uso wa mzee. "Huenda hata dripu isingemshika."

"Huenda," Zadock alisema.

Asubuhi, Joash alipokuwa anatakiwa kuzikwa upesi kwa sababu ya ugonjwa, Zadock alivaa shati safi akaenda nyumbani kwa marehemu. Sista alimfuata bila kuitwa. Pamela, mjane, alikuwa amekaa mlangoni na shemeji zake wawili. Zadock alisimama mbele yake, kofia mkononi, akamweleza yote: stoo, turubai, filta, raba mbili, fundi ambaye hakuwapo. Hakujipunguzia chochote. Sista aliongeza kwamba yeye ndiye aliyemhimiza afunge kabla hajamaliza.

Pamela aliwasikiliza hadi mwisho. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mzee, mimi sijui filta," alisema. "Ninachojua ni kwamba alianza kuhara Jumamosi. Nikamwambia twende kliniki, akasema kesho. Jumapili nikamwambia, akasema kesho. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu hapendi kusukumwa." Alifuta uso kwa kiganja. "Wale wengine, dawa imewatosha?"

"Imewatosha," Sista alisema.

Shemeji mmoja alisema, akiwa anatazama chini, kwamba vijana wa kijiji wameogopa. Hakuna aliyetaka kulikaribia kaburi la kipindupindu, na wao wawili peke yao hawatamaliza kabla ya jua kuwa kali.

"Sepetu iko wapi?" Zadock aliuliza.

Walimwonyesha. Alitundika kofia yake kwenye msumari wa ukutani, akakunja mikono ya shati safi hadi juu ya viwiko, akaenda nao nyuma ya nyumba. Sista alibaki amekaa chini karibu na Pamela, na kwa muda mrefu kilichosikika ni udongo mzito wenye maji ukitupwa juu ya udongo.